Laibrari ya databesi inakula memori mpaka seva inazima

Safu ya maswali ya wasomaji: programu, seva na databesi

SWALI LA KWANZA

Habari za kazi fundi. Nakuandikia kutoka Mwanza, tuko timu ndogo tunatengeneza mfumo wa SACCOS, wanachama, michango, mikopo, marejesho, vyote vimo humo. Tumejenga kwa Java na PostgreSQL, ila Hibernate hatutumii, tuna laibrari yetu wenyewe ya kuongea na databesi, aliiandika kaka mmoja ambaye alishaondoka ofisini. Laibrari ilikuwa na puli yake, yaani lile kundi la koneksheni zilizofunguliwa tayari, na ina keshi ya statimenti, yaani inatunza SQL zilizokwishaandaliwa, ili SQL ileile isiandaliwe upya kila mara. Imefanya kazi miaka bila tatizo. Juzi kati hapa tukatoa ile puli ya zamani tukaweka HikariCP, puli iliyotengenezwa tayari, spidi kweli ikapanda, lakini tangu hapo kila baada ya siku mbili tatu seva inakuwa nzito halafu kwenye logi inaandika java.lang.OutOfMemoryError: Java heap space na mfumo unakata. Mwisho wa mwezi ndo balaa, unakata mchana watu wamejaa dirishani. Tumepandisha -Xmx, kile kikomo cha memori ya Java, kutoka giga 1 mpaka giga 2, ikachelewa tu kufa. Sahizi tumeweka kron, kazi inayojiendesha kwa ratiba, inarestati usiku. Mwenzetu mmoja anasema tubadilishe ile Map iwe WeakHashMap yaishe, mwingine anataka turudi kwenye puli ya zamani. Kodi yenyewe ndo hii:

private static final Map<Connection, Map<String, PreparedStatement>> KESHI = new ConcurrentHashMap<>();

PreparedStatement andaa(Connection c, String sql) throws SQLException {
    Map<String, PreparedStatement> zake = KESHI.computeIfAbsent(c, k -> new HashMap<>());
    PreparedStatement ps = zake.get(sql);
    if (ps == null) {
        ps = c.prepareStatement(sql);
        zake.put(sql, ps);
    }
    return ps;
}

Tusaidie kaka, mabosi wameanza kusema Java haifai.

JIBU

Salama kabisa ndugu yangu wa Mwanza, na asante sana kwa kuleta kodi yenyewe, maana wengi huwa wananiandikia "programu inakula memori" halafu basi, nabaki kubahatisha. Java haina kosa hapo, na HikariCP pia haina kosa. Kosa liko kwenye huo mstari wa kwanza kabisa, KESHI, lilikuwepo tangu zamani ila ile puli yenu ya mwanzo ilikuwa inalificha.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Kwenye C memori inavuja pale ulipoomba nafasi ukasahau kuirudisha. Kwenye Java kuna mzoa taka anayepita mwenyewe, anaanzia kwenye vitu ambavyo ni mizizi, kama thredi zinazofanya kazi na sehemu za static za klasi, anafuata mishale kutoka kitu kimoja kwenda kingine, chochote anachoweza kukifikia anakiacha na chochote asichokifikia anakifagia. Kwa hiyo kwenye Java memori "ikivuja" maana yake kuna kitu mlishamalizana nacho lakini bado kuna mtu anakishikilia. Swali la kuuliza siku zote ni nani anakishikilia, na hilo swali kuongeza -Xmx hakulijibu, na ile kron ya usiku ndo kabisa inafuta ushahidi kila siku kabla hamjauona.

Sasa turudi kwenye kodi yenu. Ufunguo wa hiyo Map ni Connection. Puli yenu ya zamani tuseme ilikuwa na koneksheni kumi, na kila ukiomba inakupa koneksheni yenyewe halisi, objekti ileile ya draiva ya PostgreSQL, ile laibrari inayounganisha Java na databesi. Kwa hiyo Map ilikuwa na funguo kumi, basi, leo kumi, mwakani kumi. Ndani ya kila ufunguo mna statimenti kadhaa kutegemea na SQL mlizonazo, na zikishajaa zimejaa. Ilikuwa inashikilia vitu milele lakini idadi ina mwisho, ndo maana hakuna aliyegundua.

HikariCP haifanyi hivyo. Kila ukiita getConnection() inakutengenezea proksi mpya, yaani objekti inayosimama badala ya koneksheni, klasi yake inaitwa HikariProxyConnection, inafunika koneksheni halisi, na ukiita close() ile proksi inakuwa imekufa, koneksheni halisi inarudi kwenye puli ikisubiri mwingine. Akija mwingine anapata proksi nyingine mpya kabisa, hata kama chini yake koneksheni ni ileile. Kwa macho ya Map yenu kila ombi limekuja na ufunguo ambao haijawahi kuuona. Ni kama mhudumu wa gesti anayeandika kitabuni jina la kila mgeni anayeingia lakini hafuti hata mmoja anayeondoka.

Na hapa kuna jambo nataka mlitazame vizuri maana ndo linalosema ukweli wote: tangu muweke HikariCP hiyo keshi haijawasaidia kati ya ombi na ombi hata mara moja. Kila ombi zake.get(sql) inarudisha null kwa sababu zake yenyewe imezaliwa dakika hiyohiyo, mnaandaa statimenti upya, mnaiweka, na hakuna atakayekuja kuichukua tena kamwe. Ile spidi mliyoiona imepanda imetoka kwenye puli mpya, keshi haikuchangia kitu. Tena ndo maana hamkupata kosa lolote lingine njiani, maana kama ingekuwa inapatikana humo kwenye ombi linalofuata mngekuwa mnaletewa statimenti ambayo tayari imefungwa, HikariCP inapofunga proksi inafunga na statimenti zote zilizofunguliwa kupitia hiyo proksi. Mngepata SQLException siku ya kwanza mkaijua shida asubuhi ileile.

Hilo pia linaeleza kwa nini DBA wenu, yaani msimamizi wa databesi, akiangalia upande wa PostgreSQL haoni cha ajabu. Kule statimenti zimefungwa vizuri, kinachojazana ni mabaki yake kwenye hipu, ile memori ambamo Java inaweka objekti. Chukulia kila ombi linaacha kilobaiti 2 tu, ombi laki tano tayari ni kama giga 1, na mwisho wa mwezi watu wanapoleta marejesho kwa pamoja laki tano haziko mbali.

Usiniamini mimi, hakikisheni wenyewe, ni kazi ya muda mfupi tu. Wakati mfumo unafanya kazi, andikeni kwenye seva:

jcmd <pid> GC.class_histogram | head -30

Hii inaorodhesha klasi zenye objekti nyingi, na kabla ya kuhesabu inalazimisha mzoa taka apite kwanza, kwa hiyo unachokiona ni vitu ambavyo kweli vimeshikiliwa. Inasimamisha mfumo kidogo, msifanye katikati ya foleni. Chukueni ya kwanza, acheni mfumo ufanye kazi saa moja mbili, chukueni ya pili, linganisheni. Naamini mtaona HikariProxyConnection, HikariProxyPreparedStatement na PgPreparedStatement zinapanda kwa pamoja, wakati puli ya HikariCP kwa kawaida ina koneksheni 10 tu msipobadilisha kitu. Ukiona proksi za koneksheni laki moja kwenye mfumo wenye koneksheni kumi hapo hamna cha kubishana.

Halafu chukueni dampu ya hipu, faili linalobeba kila kitu kilichomo kwenye memori wakati huo:

jcmd <pid> GC.heap_dump /data/dampu.hprof

Cheki kwanza kama diski ina nafasi maana faili linaweza kukaribia ukubwa wa hipu yenyewe. Lifungueni kwa Eclipse MAT, ni ya bure, muende kwenye Dominator Tree, ile orodha ya nani anashikilia kiasi gani. Pale juu mtakuta ConcurrentHashMap moja imekalia sehemu kubwa ya hipu, bonyezeni kulia mchague Path to GC Roots mkiondoa marejeo dhaifu, itawapeleka moja kwa moja mpaka kwenye jina KESHI la klasi yenu. Angalizo, na hili nalisema kwa msisitizo: dampu ina majina ya wanachama, namba za simu, salio, hata nywila ya databesi ikiwa wazi. Msiirushe kwenye grupu la WhatsApp kuomba msaada. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na hata kama zisingekuwepo hizo ni pesa za watu. Ikishawapa jibu ifuteni.

Na hata mkishatibu, wekeni hizi kwenye amri ya kuwashia mfumo ili ikitokea tena ushahidi ubaki:

-XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError -XX:HeapDumpPath=/data/

Sasa WeakHashMap. Namuelewa mwenzenu, wazo lake ni kwamba ufunguo ukishaachwa na kila mtu basi Map yenyewe iuachie. Ingekuwa sawa kama kilichomo ndani hakimjui mwenye ufunguo. Lakini kila HikariProxyPreparedStatement ina mshale unaorudi kwenye HikariProxyConnection iliyoizaa, ndo maana unaweza kuiuliza statimenti getConnection() ikakujibu. Map inashikilia statimenti kwa nguvu, statimenti inashikilia koneksheni kwa nguvu, na koneksheni ndo ufunguo wenyewe, kwa hiyo ufunguo hauachiwi kamwe na hiyo WeakHashMap itajaa vilevile kama ya sasa. Maelezo rasmi ya Java ya hiyo klasi yameonya hilihili kabisa, kwamba thamani isielekeze kwa nguvu kwenye ufunguo wake. Tena WeakHashMap haiko salama kwa thredi nyingi, mtatoka kwenye memori mnaingia kwenye mambo ya ajabu mengine.

Kurudi puli ya zamani nako sikushauri. Puli nzuri inajua kustaafisha koneksheni zilizozeeka, HikariCP kwa kawaida kila moja inaishi dakika 30 halafu inabadilishwa, inajua koneksheni iliyokufa mtandao ulipokatika, hayo yote mtayaandika wenyewe? Na hapohapo mjue PgPreparedStatement mnazozishikilia zina mshale mpaka kwenye koneksheni halisi ya draiva, kwa hiyo hata zile zilizostaafishwa bado mmezifungia ndani.

Dawa ni kufuta keshi. Kuifuta kabisa, msiipunguze wala kuiwekea kikomo. Najua inauma kufuta kitu ambacho mtu alikaa akakiandika kwa nia njema, na enzi alipoandika pengine ilikuwa na maana, lakini leo kazi hiyo inafanywa na draiva. Draiva ya PostgreSQL ina keshi yake ndani ya kila koneksheni halisi, inatunza SQL mpaka 256 au megabaiti 5, chochote kitakachotangulia, na SQL ikishatumika mara 5 inaandaliwa upande wa seva. Hizo ndo tarakimu za kawaida, majina yake ni preparedStatementCacheQueries, preparedStatementCacheSizeMiB na prepareThreshold. Waandishi wa HikariCP wenyewe wameeleza wazi kwamba puli haiweki keshi ya statimenti kwa makusudi, hiyo ni kazi ya draiva. Wanaotumia MySQL wao wakumbuke draiva yao keshi imezimwa mpaka uweke cachePrepStmts=true.

Na hapa ndo penye utamu: ukifunga statimenti, draiva ya PostgreSQL inachukua ile SQL iliyoandaliwa inaiweka kwenye keshi yake kwa ajili ya anayefuata. Yaani kufunga ndo kunakokupa spidi. Watu wengi wanaogopa kufunga wakidhani wanatupa kazi iliyokwishafanyika. Kwa hiyo ndani ya laibrari kila mahali panapotumia andaa() pawe hivi:

try (PreparedStatement ps = c.prepareStatement(sql)) {
    ps.setLong(1, mwanachama);
    try (ResultSet rs = ps.executeQuery()) {
        // soma hapa
    }
}

Tazama na alama ya kuuliza (?) ndani ya SQL, ile inayoshika nafasi ya thamani mnayoiweka kwa setLong. Kama kuna sehemu mnabandika namba ya mwanachama ndani ya SQL yenyewe, kila mwanachama anakuwa na SQL yake na keshi ya draiva inakuwa inapokea na kutupa tu bila faida, mbali na kwamba mtu akiandika maneno mabaya kwenye fomu anaweza kuwafutia jedwali. Rekebisheni zote mkiwa humohumo.

Shida itabaki kwa wale wanaoita andaa() kutoka nje ya laibrari na kupokea statimenti mkononi, hao hawajui kama wanatakiwa kufunga maana zamani walikatazwa kufunga. Msiibadilishe kimyakimya. Iacheni iwepo toleo moja ikiwa na alama ya @Deprecated na inarudisha statimenti mpya bila kuhifadhi, HikariCP itaifunga wakati koneksheni inarudi, halafu wekeni njia mpya inayopokea kazi ya kufanya na kufunga yenyewe ikimaliza. Mtumiaji asipewe nafasi ya kusahau. Mi naona hiyo ndo tofauti kati ya laibrari nzuri na laibrari ya kusumbua watu.

Mwisho, andikeni jaribio moja la kuilinda. Liendesheni kwa -Xmx64m, ndani yake chukua koneksheni, uliza swali dogo, rudisha, zunguka hivyo mara laki kadhaa. Liendesheni kwanza kwenye kodi ya sasa mlione linakufa kwa OutOfMemoryError, halafu futeni keshi mliendeshe tena lipite. Jaribio ambalo hamjaliona likifeli haliwahakikishii kitu. Likikaa kwenye mlolongo wenu wa kujenga toleo, kijana mpya akija mwakani na wazo la "tuweke keshi hapa" jaribio litamwambia kabla wanachama hawajamwambia. Na ile kron izimeni siku mnayoweka toleo jipya, siku hiyohiyo, muache mfumo uende wiki nzima mtazame grafu ya memori. Itapanda na kushuka kama meno ya msumeno, hiyo ni kawaida ya Java msishtuke, cha kutazama ni yale mabonde, kila mzoa taka akishapita kwa nguvu memori inashuka mpaka wapi. Mabonde yakikaa usawa mmoja mmepona.

SWALI LA PILI

Hujambo fundi, mimi ni msomaji wenu Nairobi. Niko na skripti ya Python ya Django inayosoma faili za malipo na kuziweka kwa PostgreSQL, rekodi ni nyingi sana, natumia bulk_create kwa mafungu makubwa ili iende haraka. Memori inapanda tu hadi mashine inaiua. Nimeweka gc.collect() kila fungu, nimeweka del kila mahali, hakuna kitu inabadilika. Hii ORM ya Django, ile sehemu yake inayoongea na databesi, inavuja ama ni mimi?

JIBU

Sijambo, karibu sana. Kabla ya kitu chochote fungua settings.py ucheki kama DEBUG ni True, maana kwa maelezo yako nina uhakika mkubwa ndo hapo. DEBUG ikiwa True Django inaweka kumbukumbu ya kila SQL inayopita, ziko kwenye connection.queries, ni kwa ajili ya kukusaidia wakati unatengeneza. Kwenye seva ya kawaida kila ombi jipya likianza zinafutwa, ila skripti haina maombi, inaanza asubuhi inamaliza jioni, kwa hiyo hamna wa kuzifuta. gc.collect() haiwezi kusaidia kwa sababu hizo SQL bado zimeshikiliwa kihalali kabisa na Django yenyewe.

Utasema mbona tunaambiwa kuna kikomo. Ni kweli, tangu Django 1.8 inatunza za mwisho 9000 tu. Lakini kikomo hicho ni cha idadi, hakiangalii ukubwa, na wewe unatumia bulk_create. Fungu moja la rekodi elfu kadhaa linakuwa SQL moja ndefu yenye data yote ndani yake, tuseme nusu megabaiti, zidisha mara 9000 unapata zaidi ya giga 4 za maandishi tu. Ndo maana mwenye skripti ya save() moja moja anaweza asione kitu na wewe uliyefanya vizuri ukaumia.

Weka DEBUG = False, na kama kuna sababu ya kuiacha basi ita django.db.reset_queries() kila baada ya fungu. Halafu hakikisha na hizo orodha za objekti unazojenga kabla ya bulk_create unazianzisha upya kila fungu badala ya kuongezea kwenye ileile.

Kitu kingine, kwa sababu najua ukishaingiza utakuja kusoma: ukiandika for malipo in Malipo.objects.all() Django inahifadhi kila rekodi ndani ya kueriseti (QuerySet) yenyewe ili ukirudia kuzunguka isiulize tena. Kwa jedwali kubwa tumia .iterator(), inaleta kwa mafungu, kawaida 2000. Kwa PostgreSQL inatumia kasa (cursor) ya upande wa seva, kwa hiyo data haiji yote kwa mkupuo, ila ukiwa nyuma ya PgBouncer, puli ya nje inayokaa mbele ya PostgreSQL, iliyowekwa kwa hali ya transaksheni itabidi uweke DISABLE_SERVER_SIDE_CURSORS iwe True, la sivyo utapata makosa ya kasa haipo. Wa MySQL wasitegemee sana hapo, kule draiva inaleta matokeo yote kwa memori hata ukitumia iterator(), wao wakate kwa id, soma kuanzia id fulani rekodi elfu tano, kumbuka ya mwisho, endelea.

SWALI LA TATU

Assalaam alaykum fundi. Mimi nipo Zanzibar, mfumo wetu wa hoteli unatumia Spring Boot na HikariCP. Memori haina neno, nimeangalia, lakini mara kwa mara unaganda na kwenye logi naona "HikariPool-1 - Connection is not available, request timed out after 30000ms". Nikirestati unapona. Je na hii ni memori inavuja? Nimefikiria niongeze puli ifike 200.

JIBU

Waalaykum salaam dada. Hii ni ndugu yake lakini siyo yenyewe, hapa zinazovuja ni koneksheni. Kuna mahali mtu anachukua koneksheni na hairudishi, au anairudisha lakini amekaa nayo mno, zikiisha zote anayefuata anasubiri sekunde 30 halafu anakatishwa.

Puli ya 200 usiifanye. PostgreSQL yenyewe kwa kawaida inakubali koneksheni 100 tu kwa jumla, na kila koneksheni kule ni prosesi nzima inayokula memori ya seva. Ukiongeza puli wakati kuna tundu utakuwa umeahirisha tu, na safari hii ukiganda utaganda pamoja na databesi.

Weka hii kwenye application.properties:

spring.datasource.hikari.leak-detection-threshold=20000

Ni milisekunde, chini ya 2000 haikubali. Koneksheni ikikaa nje zaidi ya hapo HikariCP inaandika onyo lenye maneno "Apparent connection leak detected" pamoja na njia nzima ya kodi iliyoichukua, mpaka mstari. Onyo peke yake haliirudishi koneksheni, linakuonyesha mtu tu. Kama mstari ule ni getConnection() ya mkono isiyo na try-with-resources, ile iliyokuja na Java 7, irekebishe hapohapo. Lakini kwa mfumo wa hoteli mimi ningeanza kutafuta kitu kingine: methodi yenye @Transactional, alama ya Spring inayoifanya methodi iende ndani ya transaksheni, ambayo ndani yake inatuma SMS au baruapepe kwa mgeni, au inauliza malipo kwenye mfumo wa nje. Muda wote unaosubiri jibu la nje koneksheni imekwama mikononi mwako haifanyi kazi yoyote, na mtandao wa nje ukizubaa siku moja tu wageni kumi wanatosha kumaliza puli. Hifadhi kwanza bukingi, funga transaksheni, halafu ndo utume SMS.

Upande wa PostgreSQL angalia pg_stat_activity, orodha ya koneksheni na zinachofanya, mfumo ukiwa umeganda. Ukiona mistari mingi yenye hali ya idle in transaction basi ni hiyohiyo, mtu amefungua transaksheni ameenda kufanya mambo mengine. Kuanzia toleo la 9.6 kuna mpangilio wa idle_in_transaction_session_timeout, unaweza kuuweka dakika moja hivi ili databesi iwakate yenyewe, utapata makosa kwenye logi lakini angalau hoteli nzima haitasimama, na hayo makosa yatakuonyesha pa kwenda kurekebisha. Ukishapata huo mstari na bado hauelewi, nitumie methodi yote kama ilivyo, nitaijibu toleo lijalo.